Kona ya Kugeuzia

Ramani tumeitandaza mezani,
bilauri nne za chai zimeikalia pembe,
maana imezoea kukunjwa, haikubali tena kunyooka.
Kaka yangu Behrang kashika penseli.
Dizin siku nne, asema,
na jangwani mchana mmoja, wa kupiga picha.
Mchana mmoja!
Jangwa si duka la mkate,
uingie, uchague, utoke.

Twabishana hivi tangu theluji ya kwanza ilipoiangukia Tehran.
Yeye amekwisha kukodi mbao za skii,
jozi mbili, na viatu vyake vizito kama matofali.
Mimi nimeazima hema kwa Farangis wa ghorofa ya pili:
lanuka moshi na kitunguu, na kigingi kimoja hakipo.
Begi ni lilelile.
Glavu juu ya kandambili,
kofia ya sufu ndani ya kofia ya pama,
mafuta ya midomo, hayo hayana ugomvi,
kwani baridi hupasua na ukame hupasua.

Buti la gari limegoma kufunga.
Mbao zimepenya katikati ya viti hadi kwenye gia,
nasi tumekata shauri baba akae nyuma, kushoto,
azikumbatie.

Baba hajatia neno.
Anapukuchua komamanga, punje kwa punje,
kana kwamba safari ni ya jirani.
Miaka thelathini na mmoja aliendesha lori:
alfajiri machimboni Garmsar, jangwa linapoanzia,
akipakia chumvi hadi matairi yanung'unike,
kisha akiipandisha milimani, kona baada ya kona,
inyunyizwe njiani, barafu iiachie lami,
wenye mbao zao wapite.
Jangwa alilijua kwa mizani na risiti.
Mlima aliujua kwa breki.
Kushuka garini atazame?
Nani angemlipa saa ya kushangaa?
Vidole vyake hadi leo vina nyufa
ambazo hakuna mafuta yaliyoziziba.

"Baba, nawe wasemaje? Ngapi juu, ngapi chini?"

Akajifuta mikono kwa leso, akaivuta ramani.
Bilauri moja ikapinduka,
chai ikashuka toka mlimani,
ikapita Tehran bila kusimama,
ikaenda kunywewa na karatasi huko jangwani.
Hatukuipangusa.
Kidole chake hakikwenda Dizin,
wala kwenye matuta ya mchanga niliyoyazungushia duara jekundu.
Kilitua njiani, kwenye kona isiyo na jina.

"Hapa. Chumvi ilikuwa ikiniishia hapa.
Nageuza lori, narudi.
Huko mbele sijafika.
Ila nikizima injini nilikuwa nawasikia watu
nyuma ya ule mgongo wa mlima,
wanacheka, wanapiga mayowe kama watoto.
Wakubwa wazima!
Nataka nikaone kilichokuwa kikiwachekesha."

Behrang akafuta nne, akaandika tatu,
akaifuta tatu, akaitazama penseli.
Mimi nilikuwa na hoja zangu kumi kuhusu nyota,
kuhusu ukimya, kuhusu ziwa la chumvi kavu.
Zote zikanikwama kooni.

"Na jangwani, baba?"

"Jangwani nitalala.
Sijapata kulala kule. Nilikuwa napakia tu.
Nilale mpaka jua linipige usoni,
na mtu asinipigie honi."

Akarudi kwenye komamanga lake.

Saa nne na nusu usiku Behrang anampigia simu mwenye duka,
anamwomba radhi, anamwomba jozi ya tatu.
Anafunika simu kwa kiganja:
"Mahrokh, muulize mguu wake nambari ngapi."

Sikuuliza. Baba alikwisha kuuvua ule wa kulia,
ameuinua kwenye mwanga wa taa,
anausoma kama risiti.
"Arobaini na mbili," akasema.
"Mwambie aongeze moja. Nitavaa soksi mbili."